Maneno Matatu Niliyompa Karani wa Simu

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine mtaongezewa chumvi: ni kweli mimi, Kadzo, katibu wa kikundi cha wanawake wakulima hapa Matsangoni, ndiye niliyewaita watu mia mbili na kumi na nne nyumbani kwa mavyaa wangu asubuhi ya Jumamosi bila mwenyewe kujua, nikasimama mbele yao na kuwapa hotuba nikidhani wamekuja kunishangilia, na chakula kilichokuwa jikoni ni sufuria moja ya kunde. Aibu kama ile sijawahi kuipata, hata siku ya harusi yangu kiatu kilipokatika kisigino mlangoni mwa kanisa. Lakini msicheke sana bado, kwa sababu nawasimulia nikiwa nimeshinda.

Kikundi chetu kina matawi tisa, mengine hapa hapa kando ya lami na mengine juu huko mpaka Vitengeni, na shida yetu ya miaka yote ilikuwa kuitana. Tuna silanga letu, lile bwawa la kukinga maji ya mvua, na kwa miaka mitatu limejaa matope hata kuku anavuka bila kulowa magoti. Kila tulipotaka kulichimbua tulipeleka habari kwa mdomo, za huku zikafika leo, za kule zikafika wiki ijayo, na za Vitengeni zikafika zimegeuka kuwa habari za mtu aliyetumbukia silangani. Mara ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja, mara ya pili wanane, na mara ya tatu tulikuwa mimi na mavyaa wangu na ng'ombe wa jirani, na huyo ng'ombe tulimkuta pale kwa sababu alikuwa amenasa.

Basi mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema tuweke karani wa akili bandia, anayekaa kwenye simu, unamwambia shida yako kwa maandishi au kwa sauti naye anaishughulikia. Kamati ya watu watano ikakubali nijaribu wiki moja. Mwenyekiti ni mavyaa wangu, Mama Kazungu, na alisema mbele ya wote, bila kunitazama, "Huyu ni mke wa mwanangu, nikimtetea mtasema nampendelea. Kwa hivyo akishindwa, mimi mwenyewe ndiye nitakayemwondoa kwenye ukatibu." Na mjumbe mmoja, Mama Pendo (mama wa bara, anauza mitumba pale stendi, hana maneno mengi lakini kila neno lake lina uzito), akanunua daftari jipya na kunionyesha, akasema wiki ikiisha vibaya daftari hilo ni la katibu mpya. Niwaambie ukweli, ukatibu ule ulikuwa kitu changu. Ndiyo kazi ya kwanza iliyofanya watu waniite Kadzo, si mke wa Kazungu wala mama wa fulani, na nilikuwa tayari kuupigania kwa meno.

Aliyetufungia programu ni Athmani, fundi wa kompyuta mwenye duka kule Malindi, ndani ya mji wa kale. Jumatano nilikwenda kwake akanieleza mambo yalivyo. Karani huyu hana mikono, mikono yake ni zana unazompa: zana moja ya kuita watu, nyingine ya kutuma ujumbe, nyingine ya kuandika kumbukumbu. Kila zana ina jina na maelezo, na karani akitaka kufanya jambo husoma maelezo yale tu ndipo achague.

"Sikiza, dada Kadzo," akaniambia. "Huyu ana akili nyingi, lakini kwenu hapajui. Alijualo juu ya zana ni lile uliloandika wewe, basi. Muandikie kama wamwachia nyumba mgeni aliyeshuka jana: hii yafanya nini, itumike lini, isitumike lini, yataka nini kabla, na ikishatumika yarudishika ama hairudishiki."

"Nimeelewa," nikamjibu (sikuwa nimeelewa, nilikuwa natazama mahamri ya jirani yake).

Siku hiyo hiyo akanirekodi sauti ya mwito. Nilijipinda nikatoa sauti yangu nzuri kabisa, kwa Kigiriama, nikasema kama desturi inavyotaka: ndugu zangu kuna mweria, njooni alfajiri na majembe, chakula kipo tele. Jina la mahali na siku karani angeyatia mwenyewe. Kwa asiyejua, mweria ni ile kazi ya pamoja ambapo mwenye kazi huita watu wamsaidie nao huja bure kabisa, ila ni lazima awalishe mpaka washibe. Asipowalisha, hata akifa habari hiyo haitazikwa naye.

Alhamisi ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nilikuwa nimekaa mkekani, jirani yangu Dama ananisuka, simu mkononi, na Athmani akanitumia fomu yenye visanduku vitupu vya maelezo ya zana. Ningeweza kungoja nisukwe nimalize nikae mezani kama mtu mzima. Lakini nikaona, haya si mambo ya kuumiza kichwa, tena kichwa chenyewe kinavutwa. Kwenye zana ya ita_mweria nikaandika, "Huita watu kazini." Kwenye tuma_ujumbe nikaandika, "Hutuma ujumbe." Kwenye ile ya kumbukumbu nikaandika, "Huandika." Nikabonyeza, nikajisifu kwamba maneno machache ndiyo yanayoeleweka.

"Umemaliza?" Dama akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Mbona mimi sijamaliza hata upande mmoja?" akasema, na muda si muda mbuzi wake akakata kamba, akaondoka mbio kumfuata na hakurudi. Ndiyo sababu siku ya mkasa nilikuwa nimesukwa nusu ya kichwa, na nusu ya pili imesimama wima chini ya leso.

Ijumaa simu yangu ilizima mapema, mawingu yalikuwa mengi na sola yetu ikifunikwa kidogo tu inasusa. Kwa hivyo sikujua kwamba mchana ule mavyaa wangu alichukua simu yake akamwambia karani kwa sauti, "Wewe wa kwenye simu, hujambo. Kesho nataka kufyeka shamba langu la nyuma kabla mvua hazijaanza, na mgongo wanisumbua. Nitafutie watu wa kunisaidia." Moyoni mwake alitaka watu wawili. Mtu yeyote wa hapa angemsikia angejua ni wawili, Dama na mwingine. Lakini wawili hakusema, naye karani akamjibu kwa adabu, "Nimeita watu. Watakuja kesho alfajiri na majembe." Mavyaa wangu akafurahi, akaloweka kunde.

Sasa Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya kamati kunikalia kikao, saa tatu, hapo hapo kwa mavyaa. Mimi nilifika kabla ya jua, nikafagia uwanja, nikapanga viti, nikaomba Mungu. Wa kwanza kuingia walikuwa mama wawili wa tawi la jirani, nikawapa shikamoo. Wakaja watano. Wakaja kumi na wawili wakiimba. Kisha pikipiki saba, kisha lori zima kutoka Vitengeni, watu wamesimama nyuma na majembe yameelekezwa juu, na mbele kabisa Mama Kadii, kiongozi wa tawi lile, mwanamke ambaye akikohoa ng'ambo ya mto mbwa wa ng'ambo hii wanabweka. Mama Pendo na wenzake wa kamati wakawasili katikati ya vumbi lile na kukosa pa kupita.

Na mimi, jamani, mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri matawi yamesikia kwamba ukatibu wangu unajadiliwa leo, nayo yamekuja kunitetea. Machozi yalinilenga. Majembe niliyaona, siwezi kudanganya, lakini nikajiambia wametoka mashambani moja kwa moja kwa mapenzi yao. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikanyoosha mikono.

"Ndugu zangu," nikasema, "sikutarajia. Kwa kweli sikutarajia. Kumbe mnanipenda hivi. Leo mmeniheshimu mimi, na mmemheshimu karani wetu wa simu, na sitausahau wema huu."

Watu wakapiga makofi, maana watu wetu ukimaliza kusema hukupigia makofi kwanza na kuuliza baadaye. Kisha Mama Kadii akasogea, jembe begani, akaniuliza kwa upole kabisa.

"Kadzo, tumekushukuru. Sasa tuanzie wapi kulima, na chakula kinapikwa wapi, maana sioni moshi?"

Nikamwambia, "Kulima nini?"

Akatoa simu yake akabonyeza, na ikatoka sauti yangu, ile nzuri, ile niliyojipinda: kuna mweria kwa Mama Kazungu, Jumamosi, njooni alfajiri na majembe, chakula kipo tele. Wa pembeni naye akabonyeza yake kuhakikisha, na wa nyuma, na wa kwenye lori, mpaka uwanja mzima ukawa unasema chakula kipo tele, chakula kipo tele, kwa sauti yangu, mimi nikiwa bado juu ya kinu.

Nilishuka. Mavyaa wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake ya kunde mkononi, anatazama watu, anatazama sufuria. Nikafanya kile ambacho mtu mwenye hatia hufanya, nikamsukumia mwingine.

"Mashine imekosea," nikasema kwa nguvu ili kamati isikie.

"Iulize basi," Mama Pendo akasema. "Iulize kwa nini, na usome sisi wote tusikie."

Nikachomeka simu yangu kwenye betri ya lori, nikamuuliza karani, na jibu likaja, nami nikalisoma kwa sauti kwa sababu Mama Pendo alikuwa amesimama begani kwangu. Karani alisema: "Mwenyekiti aliomba watu wa kumsaidia kufyeka shamba. Maelezo ya zana ya ita_mweria yanasema huita watu kazini. Hayasemi ni kazi gani wala ni watu wangapi, kwa hivyo niliwaita wote walio kwenye orodha, ila yeye mwenyewe."

"Nani aliandika hayo maelezo?" Mama Pendo akauliza.

Nikasema ni mimi, na sauti yangu safari hii haikuwa nzuri.

Hapo ndipo tuliposikia kwamba lori la pili liko njiani. Nikashtuka, nikamwambia karani upesi, "Watumie ujumbe walio njiani wasije." Akanijibu, "Nimetuma." Nikashusha pumzi. Papo hapo simu ya mavyaa wangu ikalia kiunoni mwake, akampa Dama amsomee, na Dama akasoma, "Usije." Mavyaa wangu akatazama nyumba yake, akatazama kuku wake, akatazama mlango wake alioufungua mwenyewe asubuhi.

"Nisije wapi?" akauliza.

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Niliandika "hutuma ujumbe", sikuandika kwa nani, naye karani akaanza na jina la kwanza kwenye orodha, la mwenyekiti, akaishia hapo. Nilivua leso nijifute jasho bila kukumbuka kichwa changu kiko vipi, na hao waliokuwa wamenyamaza wakaanza upya.

Lile shamba nalo halikunisaidia. Ni ekari moja na nusu tu, na watu wale kwa vile walikuja kwa kazi waliingia kazini, nao wakalifyeka na kulitifua lote kabla chai ya kamati haijachemka. Wakarudi uwanjani, lori la pili limeshashusha, wako mia mbili na kumi na nne (Dama aliwahesabu wote, sijui kwa nini, labda kuniumiza), wana nguvu zao zote na njaa yao yote. Mama Pendo akalitoa lile daftari jipya kwenye mkoba, akaliweka juu ya meza.

"Mimi nilisema mapema," akasema. "Hii kitu ina akili lakini haijui sisi."

Nilikaa juu ya kile kinu nikataka kulia, kusema kweli nilianza kulia kidogo. Lakini maneno yake yakanikaa. Haitujui. Ni kweli haitujui, nani aliiambia? Nikampigia Athmani nikamweleza yote huku watu wanasikiliza, nikamwambia aizime programu.

"Usimzime," akasema. "Muandikie."

"Sasa hivi? Mbele ya watu?"

"Wanaojua mweria ni nini wote wako mbele yako, dada yangu. Wapi tena utawapata pamoja? Waulize, uandike."

Nikasimama. Sikupanda kinu safari hii. Nikasema, "Ndugu zangu, nimekosa, na aliyekosea ni mimi, si karani. Nimemwachia nyumba mgeni bila kumweleza kitu. Nisaidieni nimweleze." Nikamgeukia Mama Pendo nikamwomba daftari, maana sikuwa na karatasi.  Akalifungua ukurasa wa kwanza, akachukua kalamu, akasema yeye ndiye atakayeandika, hati yangu aliijua.

"Haya, mweria huitwa lini?" nikauliza.

"Mweria huitwa kwa kazi kubwa," Mama Kadii akajibu, "ile ambayo wenyewe wakishinda wiki nzima hawaimalizi. Hiki kishamba cha leo si mweria, mama, hiki ni kuazima jirani wawili."

"Kazi kubwa kama ipi? Tumpe mfano."

"Kama ya lile silanga lenu," akasema. Nilimwona mavyaa wangu akiweka sufuria chini. Watu mia mbili na kumi na nne, majembe mia mbili na kumi na nne, na silanga liko mwendo wa dakika kumi kutoka pale tulipo. Miaka mitatu nimewatafuta watu hawa.

Mavyaa wangu hakupoteza neno. "Wanaume na vijana tangulieni silangani mkate tope la katikati," akasema. "Wanawake wenye nguvu fuateni na mabeseni. Wanaobaki, mumalizie kumsomesha huyu wa kwenye simu, na mtu aniambie leo hii tutakula nini." Nao wakaenda, wakaondoka na wimbo.

Waliobaki wakanimwagia mambo mpaka Mama Pendo akaomba waende polepole. Mmoja akasema nyumba yenye msiba isiitwe mpaka matanga yaanuliwe. Mwingine akasema siku ya soko msituite, tutaleta majembe lakini mioyo itabaki sokoni. Dama akasema mwenye mimba kubwa aitwe asije akaona ametengwa, ila kazi yake iwe jikoni. Na mavyaa wangu akasema, "Andika hili kwa herufi kubwa: mwenye kuita aulizwe kwanza, mpishi ni nani." Yote yale niliyajua tangu utotoni. Sikuwahi kufikiria kuyaandika kwa sababu sikuwahi kukutana na mtu asiyeyajua, na sasa nilikuwa nimemkabidhi mmoja kazi.

Tulipomaliza nikaingiza kwenye simu, pamoja na orodha ya nani jirani wa nani, na kabla ya kubonyeza nikamsomea mavyaa wangu. Yeye hajui kusoma na hilo halijawahi kumzuia jambo. Nikasoma:

"Zana hii huwatumia wanachama wa matawi yote tisa sauti ya kuwaita kwenye mweria. Itumie kwa kazi kubwa ya kikundi tu, kama kuchimba silanga. Mtu akitaka msaada wa watu wachache usiitumie hii, tumia tuma_ujumbe kwa majirani zake wa karibu. Kabla ya kuita, uliza kazi gani, wapi, siku gani, na nani anapika. Jibu moja likikosekana, usiite. Usiite siku ya soko, wala nyumba yenye msiba. Mwito ukishatoka haurudishwi, kwa hivyo ngoja katibu aseme ndiyo."

"Hapo pa majirani, rudia," akasema. Nikarudia. "Naam. Sasa hata mimi ningejua la kufanya."

Ya pili tukaiandika vivyo hivyo: ujumbe huenda kwa wale tu waliotajwa kwa majina, taja kila mmoja unamtaka nini, na kama hujui unamwandikia nani, uliza. Nikabonyeza. Mama Pendo akataka tumjaribu karani kwanza, kwa sauti, kila mtu asikie. Mavyaa wangu akachukua simu akasema, "Wewe wa kwenye simu, nataka watu wa kunichotea maji."

Karani akajibu, "Hiyo ni kazi ya watu wachache, sitaita mweria. Je, nimtumie ujumbe Dama, jirani yako wa karibu?"

Wanawake walipiga vigelegele ambavyo nasikia vilifika mpaka barabarani, na Mama Pendo, bila kuinua uso, akaandika tiki kwenye daftari.

Basi nikamweleza karani shida yenyewe: watu mia mbili na kumi na nne wako silangani na hawana chakula. Mjue kwamba asubuhi ile ile karani huyu huyu angemtumia mavyaa wangu neno "chakula" akatulia. Sasa aliniuliza ni nani walio karibu, nani ana nini shambani, na nani anapika. Tukamjibu, mpishi ni Dama. Naye akawaandikia watu kumi na tisa, kila mmoja kwa jina na kila mmoja ombi lake, huyu mihogo, huyu nazi, huyu kunde, huyu unga wa sima, huyu sufuria kubwa ya harusi, na shemeji yake Dama kule Uyombo akaombwa samaki. Hakuna waliogongana, hakuna aliyeleta chumvi mara mbili. Kufika saa sita pikipiki zilikuwa zinashusha magunia ya mihogo, mkokoteni umeleta kuni, na samaki wametia harufu yao kijiji kizima. Nilikuna nazi siku hiyo mpaka kidole kikatoka damu, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi, nilikuwa naimba peke yangu.

Saa tisa watu walitoka silangani wamepakwa tope mpaka nyusi, wakala, wakashiba, wakaongezwa. Silanga lilikuwa limechimbwa mpaka udongo mgumu mwekundu wa chini, ule ambao mara ya mwisho kuuona nilikuwa bado sijaolewa. Kamati ikakaa hapo hapo ukingoni, sahani mapajani. Mavyaa wangu akasimama.

"Nilisema akishindwa nitamwondoa mwenyewe," akasema. "Asubuhi amenitia aibu nyumbani kwangu mbele ya kila mtu ninayemjua. Nikaambiwa nisije kwangu. Lakini nimemwona anasema nimekosa, na wengi wetu hapa hatujawahi kulisema neno hilo. Silanga ndilo hili. Mimi simwondoi. Anayetaka kumwondoa aseme."

Watu wote wakamtazama Mama Pendo. Alimaliza kutafuna, akafuta mikono.

"Mimi ninataka maelezo ya zana yote yasomwe kwa mwenyekiti kabla ya kutumika," akasema. "Akielewa yeye, karani ataelewa. Katibu abaki Kadzo."

 Niliinamisha kichwa changu kilichosukwa nusu, nikala samaki wangu.

Mvua zilianza wiki mbili baadaye, na silanga likajaa kwa siku nne, nikaenda kulitazama kila siku hata lilipokuwa halina kipya cha kutazamwa. Siku hizi vikundi vingine vya huku na vya kule Malindi huja kwangu niwaandikie maelezo ya zana zao, nami huwakalisha kwanza waniambie yale ambayo kwao kila mtu anayajua, na huwa hawanielewi mpaka niwasimulie haya. Maneno matatu sitamwandikia tena mtu, mashine wala mume, na nikiwa nasukwa simu naikalia.

Ila sijawaambia la Vitengeni. Jioni ile, kabla lori halijaondoka, Mama Kadii alinijia akasema na wao wana silanga lao, limekufa zamani, je, karani wangu angewaita watu? Nikampa simu amwambie mwenyewe. Karani akamuuliza kazi gani, wapi, siku gani, na nani anapika, na hilo la mwisho Mama Kadii hakuwa na jibu, kwa hivyo karani akakataa kuita. Akarudi kwao amenuna. Baada ya siku tisa akampigia karani akiwa na majina ya wapishi sita. Nami nikasema ndiyo, na siku tulipokwenda tulikuwa watu mia tatu, na sima ilikuwa imeiva kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.